Kiwanja Kwanza, Nyumba Baadaye



Twataka kusema juu ya akiba ambayo wengi wetu twaiweka miaka mingi ili tuijengee jamaa nyumba, kwani yaweza kupotea kwa siku moja.

Kabla ya kulipa chochote, twendeni ofisi ya ardhi tujue hati ina jina la nani, na kama imewekwa rehani. Mahali panaposimamiwa na bodi ya ardhi, sheria ya mwaka 1967 yabatilisha mauzo ya ardhi ya kilimo yasiyopata idhini yake. Tena upo ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani.

Kisha tutazame udongo. Ule mweusi, upasukao kiangazi na kuvimba masika, hupasua kuta. Yatupasa kuuchimba na kuuondoa, na gharama hiyo haionekani kwa macho nyumba ikiisha.

Basi tuigawe akiba yetu mapema: kiwanja, hati, msingi, kuta, paa, maji na choo. Afadhali vyumba viwili vyenye paa kuliko sita vinavyonyeshewa. Na kila shilingi iandikwe, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.