Huyu katumwa na nani?

(Niliyosema kwa vijana wenzangu hapa Garissa. Nimeyaacha yalivyo. Majina ya wanasiasa sitaji.)

Kiongozi akipanda ndege tu, mitandaoni swali ni lile lile: huyu katumwa na nani?

Tuanze na Desemba 2020. Rais wa Somaliland alipokelewa Nairobi kwa heshima kubwa. Somaliland ilijitangaza huru mwaka 1991, ina bunge lake, ina sarafu yake, inafanya uchaguzi. Lakini Kenya haijaitambua kama nchi. Mogadishu ikasema huyo mnayemlaki ni wa kwetu, mbona hamkutuuliza? Tarehe 15 mwezi huo ikakata uhusiano wa kibalozi, wanadiplomasia wa Kenya wakapewa siku saba waondoke. Uhusiano ulirudi Mei 2021, Qatar ikiwa mpatanishi.

Mimi naona tunachanganya vitu viwili. Kukubalika na watu wako ni kimoja. Kuifunga nchi kwa saini yako ni kingine kabisa. Mkataba wa Vienna wa 1969 unataja watatu wanaoweza kuingia makubaliano bila kuonyesha barua ya kutumwa: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na waziri wa mambo ya nje. Na Katiba yetu ya 2010 imeweka mambo ya nje kwa serikali ya kitaifa, si kaunti. Kwa hivyo gavana wa huku akienda Kismayu anaweza kuongea habari za soko la mifugo. Kuahidi kwamba mpaka wa Liboi utafunguliwa, hapana.

Abti wangu, mfanyabiashara wa ng'ombe, hunicheka nikisema hivi. "Wewe na karatasi zako!" Kwake yeye, mzee anayesikizwa pande zote mbili za mpaka ndiye balozi. Na simpuuzi. Ugomvi mwingi wa malisho na visima huku umetulizwa na wazee, si na watu wa Nairobi.

Lakini wazee hawazuii majeshi. Januari 2021, uhusiano ukiwa bado umekatika, jeshi la serikali ya Somalia lilipigana na vikosi vya Jubaland pale Beled Hawo, ng'ambo tu ya Mandera. Watu wa Mandera walisikia milio wakiwa majumbani mwao. Na siku hiyo Kenya haikuwa na balozi Mogadishu wa kupigiwa simu.