Juu ya Maneno "Can," "May" na "Shall"



Tumeombwa tuseme machache juu ya maneno ya Kiingereza yanayofanana yasiyokuwa sawa. Maneno hayo ni mengi, basi tumechagua matatu yapitayo chini ya kalamu zetu kila siku: "can," "may" na "shall."

Shida yaanzia nyumbani kwetu. Sisi twasema, "Naweza kuingia?" na neno hilo moja hubeba mambo mawili, nguvu ya kutenda na ruhusa ya kutenda. Waingereza wameyagawa. "Can" ni nguvu: mtu ana miguu, na mlango hauna komeo. "May" ni ruhusa: mwenye nyumba amesema karibu. Kweli, katika mazungumzo Waingereza wenyewe huyachanganya, wala hatuna haja ya kuwa wakali kuliko wao. Lakini katika kanuni za kazi hayachanganywi. Na humo "shall" ni amri.

Zamani alitujia mzee mmoja, tarishi aliyekaribia kustaafu, na barua ya afisi yake. Ilisema kwamba kiinua mgongo "may be granted." Tukamfasiria upesi, "Utapewa." Mzee akaenda akakopa mabati ya nyumba yake. Miezi ikapita, likaja jawabu kwamba ombi lake limefikiriwa, lakini halikukubaliwa. Tukaisoma tena barua ya kwanza, tukaona haya. Barua haikusema uongo; sisi wafasiri ndio tuliokosa. "May" ile ilimpa hiari mtoaji, haikumpa haki mpokeaji. Deni la mabati tulilipa pamoja naye.

Wala jambo hili si la makarani peke yao, wala si la Kiingereza peke yake. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik wa Ethiopia alitia mkono mkataba na Waitalia huko Wuchale. Uliandikwa kwa lugha mbili. Katika sharti la 17, maneno ya Kiamhari yalisema kwamba mfalme aweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na wafalme wengine. Ya Kiitaliano yalisema kwamba amekubali kufanya hivyo. Hapo "may" ya upande mmoja ilikuwa "shall" ya upande wa pili, na Italia ikadai kuwa Ethiopia i chini ya ulinzi wake. Menelik aliukana mkataba mwaka 1893. Mwisho wake ulikuwa vita vya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, ambako jeshi la Italia lilishindwa.

Hata "shall" yenyewe imeleta ubishi, kwa kuwa mara nyingine majaji wameisoma kama shauri tu. Ndiyo sababu waandishi wa Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 waliiacha, wakatumia "must."

Basi, katika kufasiri, penye "may" tuandike "ana hiari ya kumpa," na penye "shall" tuandike "hana budi kumpa." Mzee wetu angaliyaelewa maneno hayo mara moja. Lakini tujihadhari na "may not." Kanuni isemapo kwamba mtumishi "may not" kuondoka kituoni, maana yake si kwamba ana hiari ya kubaki. Haruhusiwi kuondoka.