Hotuba ya Ijumaa: Alama Zinazotangulia Maradhi

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akampa akili, masikio na macho ili azitambue neema zake na maonyo yake. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu Waislamu, mliokusanyika msikitini, na nyinyi mlio majumbani na madarasani mnaotusikiliza: tunakuusieni, pamoja na nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Hotuba yetu ya leo yahusu alama ambazo Mwenyezi Mungu huziweka katika mwili wa mja kabla maradhi hayajamfikia. Sababu ya kulichagua jambo hili ni jeneza tulilolisalia hapa Makorora. Marehemu alikuwa fundi seremala, mtu wa safu ya kwanza, asiyekosa sala ya alfajiri. Miaka miwili kabla ya kufa kwake alipimwa presha, akaambiwa kuwa imepanda, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Akavimeza wiki chache, akajiona mzima, akaja kwetu kutuuliza: je, mtu asiyeumwa akimeza dawa kila siku, si upungufu wa tawakali huo?

Tukamwombea dua, tukamwandikia kombe, tukamkumbusha kwamba mponyaji ni Mwenyezi Mungu. Yote hayo ni kweli. Lakini hatukumwambia aendelee na vidonge vyake. Alfajiri moja alianguka akitawadha. Upande mmoja wa mwili ukapooza, ulimi ukawa mzito, na siku ya tatu akafariki. Hatusemi kwamba angalimeza dawa asingalikufa, kwani muda wa kila nafsi umekwisha andikwa. Tunasema kwamba alituuliza swali, nasi tukampa nusu ya jawabu. Nusu iliyobaki ni deni juu yetu, na leo twataka kulilipa mbele yenu.

Ndugu Waislamu, wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Nahodha wa Sahare au wa Mwambani hutazama mbingu na upepo kabla hajatweka tanga. Akiona wingu jeusi upande wa bahari hasemi, "Sijalowa, basi hapana mvua." Wala hapana mtu amwambiaye kuwa amejiingiza katika mambo ya ghaibu. Ametazama alama, akachukua hadhari, kisha akamtegemea Mola wake.

Mwili nao una mawingu yake. Moyo husukuma damu katika mishipa, na damu hiyo huzikandamiza kuta za mishipa. Kipimo chake huandikwa kwa namba mbili: ya juu ni ya moyo unaposukuma, na ya chini ni ya moyo unapopumzika. Kwa mtu mzima, kipimo kilicho karibu na 120 kwa 80 ni cha salama. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kikaonekana hivyo kwa kupimwa zaidi ya mara moja, siku mbalimbali, hiyo ndiyo presha ya kupanda. Na hatari yake kubwa ni kwamba aghalabu haina maumivu. Mtu hula, hulala, hufanya kazi yake na kucheka na watoto wake, huku mishipa ikikakamaa, moyo ukielemewa na figo zikidhoofika kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Fundi wetu alidhani kwamba kutoumwa ni kupona. Kumbe lile wingu lilikuwa pale pale.

Sukari ya damu ni hivyo hivyo. Mtu akipimwa asubuhi kabla hajala, na kipimo kikawa milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kupimwa tena kukathibitisha, huyo ana kisukari, hata kama hajaona kiu wala kukojoa mara kwa mara. Akiwa baina ya 6.1 na 6.9, bado hajaingia katika maradhi, lakini yamebisha hodi mlangoni. Hapo ndipo mahali pa kurudi, kwa kupunguza uzito ulio zaidi, kwa kutembea na kwa kuangalia chakula. Na mkojo ukionekana una protini, huenda ikawa ni figo zinazotoa habari zake mapema.

Wataalamu wamezijuaje alama hizi? Hawakupiga ramli wala hawakutazama nyota. Walihesabu. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham nchini Marekani, waliandikwa watu 5,209, wake kwa waume, wakapimwa, kisha wakafuatwa miaka mingi ili ijulikane ni nani atapatwa na maradhi ya moyo na ni nani atasalimika. Ikadhihiri kwamba wenye presha ya juu, na wavutaji wa sigara, walipatwa zaidi kuliko wenzao. Huko ndiko alikokuwa shahidi, katika hesabu ya watu wazima walioonekana hawana neno.

Wala msidhani kuwa haya ni mambo ya Wazungu na matajiri peke yao. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2012, katika watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, yapata mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya kupanda, na watu 9 katika kila mia walikuwa na kisukari. Na kati ya mwaka 2003 na 2006 walihesabiwa watu waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza, katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika Dar es Salaam. Baada ya kulinganisha umri, ilionekana kwamba kwa mwaka mmoja, katika kila watu 100,000, Hai walipatwa watu 109, na Dar es Salaam watu 316. Hesabu hiyo ya Dar es Salaam iliwapita watu wa nchi nyingi zilizo tajiri. Basi jeneza la fundi wetu halikuwa la peke yake.

Ndugu Waislamu, yuko atakayesema: "Kuyatafuta maradhi ambayo hayajaja ni kujiletea maradhi, na ya kesho ayajua Mungu." Neno la mwisho ni kweli tupu, la kwanza si kweli. Kahini na mpiga ramli hudai kuijua ghaibu, nasi tumekatazwa kuwaendea na kuwasadiki. Tabibu hasemi, "Utakufa siku fulani." Husema, "Wenye alama kama yako hupatwa zaidi kuliko wasio nayo, basi jihadhari." Huenda mwenye alama akasalimika, na asiye nayo akapatwa. Alama ni onyo, wala si hukumu. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake.

Tazameni kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wanaliwa na saba waliokonda. Yusuf, kwa elimu aliyopewa na Mola wake, akaeleza kuwa itakuja miaka saba ya neema, kisha saba ya shida. Je, aliwaambia watu wakae wakisubiri kwa kuwa yameandikwa? La. Aliwaamrisha walime kwa bidii na waihifadhi nafaka katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Zingatieni, ndugu zetu: onyo lilikuja katika miaka ya shibe, na kazi ilifanywa katika miaka ya shibe. Aliyengoja njaa ndipo aanze kuweka akiba hakuwa na cha kuweka. Hivyo ndivyo presha na sukari zinavyotujia: hutujia katika miaka ya unono, tungali na nguvu.

Na Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipokuwa akielekea Sham alipata habari huko Sargh kwamba tauni imeingia nchi ile. Akawashauri Muhajirina na Ansari, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kwamba hakika wanatoka katika kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na moja imekauka: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyothibitisha uamuzi ule. Basi maradhi ni kadari, na kipimo ni kadari, na kidonge ni kadari. Mwenye kumeza dawa hakuiacha tawakali, kama vile yule bedui aliyeagizwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kisha ategemee hakuiacha.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, wanavyuoni wetu, na miongoni mwao Imamu Ghazali aliyefariki mwaka 1111, wamebainisha kuwa sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kuzitazama alama za mwili ni katika kuihifadhi nafsi na kizazi. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Kanuni aliandika kwa urefu juu ya kutazama mapigo ya mshipa na hali ya mkojo. Kuutafuta ugonjwa kwa alama zake, basi, si jambo geni kwa Waislamu.

Twakunasihini mambo haya.

La kwanza: mtu mzima apimwe presha na sukari, hata kama haumwi, na hasa aliyekuwa na mzazi au ndugu aliyepatwa na maradhi hayo. Na mama mjamzito asikose kliniki, kwani presha ya kupanda na protini katika mkojo ni alama za kifafa cha mimba, kiwezacho kumwua yeye na mwanawe. Enyi waume, kumpa mkeo nauli na nafasi ya kwenda kupimwa ni katika haki zake juu yako.

La pili: aliyeambiwa kuwa ana alama asiache dawa kwa sababu amejiona mzima. Kujiona mzima huenda kukawa ni kazi ya dawa yenyewe. Dawa ikimsumbua, arudi kwa tabibu ambadilishie. Apunguze chumvi isipite kijiko kimoja kidogo kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo katika ng'onda na achari, aache tumbaku, atembee kwa miguu. Kwenda msikitini kwa miguu kuna thawabu, na kuna afya.

La tatu: dua na kisomo viendelee, na dawa iendelee. Nasi masheikh na walimu tumche Mungu katika majibu yetu. Mtu akitujia na vidonge mkononi, tumwombee, kisha tumwambie avimeze. Na mwenye kisukari amwulize tabibu kabla ya Ramadhani haijaingia, kwani mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, na ruhusa ya Mola haidharauliwi.

La nne ni lenu vijana mnaokusudia kuoa na kuolewa. Iko alama isiyomdhuru mwenyewe kwa kawaida, ila huenda ikamdhuru mtoto: nayo ni ya selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja huishi na afya yake, na tena hupata kinga fulani ya malaria kali. Tabibu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilieleza jambo hilo mwaka 1954 baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Kwa kuwa malaria imekaa nasi karne nyingi, wengi wetu wa pwani twaichukua alama hiyo pasipo kujua. Wakioana wawili walio nayo, katika kila mimba pana nafasi moja katika nne ya kumzaa mtoto mgonjwa. Huko Saudia, tangu mwaka 2004, wachumba wamelazimishwa kupimwa kabla ya ndoa, wala ndoa haikatazwi. Wao wenyewe huamua baada ya kujua. Jueni kabla ya posa, kwani kujua baada ya mtoto kulia usiku kwa maumivu ya mifupa ni uchungu mkubwa.

La tano: siri ya mwili wa Mwislamu ni amana. Asitangazwe mtu, asidhihakiwe, wala mke asiachwe kwa kipimo chake. Ni hofu ya kuaibishwa ndiyo inayowafanya watu wafiche, na mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu hiyo tukiiondoa sisi, wao watajitokeza.

Ewe Mwenyezi Mungu, mrehemu ndugu yetu fundi na maiti wote wa Kiislamu. Tusamehe upungufu wa majibu yetu. Wape shifaa wagonjwa wetu, walinde wajawazito wetu na watoto wetu, na utujaalie kuyasikia maonyo yako tungali katika miaka ya neema. Utupe mema ya dunia na ya akhera. Amin.

Simamisheni sala.