Chungu Kimoja, Sahani Tofauti
Hotuba kwa wajumbe wa jamii za mipakani, Kampala



Huenda mmeshangaa kumwona askari polisi akisimama mbele yenu kuzungumzia matoke badala ya magendo. Naomba mnivumilie. Dereva anayepepesuka kwenye kizuizi cha barabarani, anayetokwa jasho na kujibu maswali ovyo, hudhaniwa amelewa. Pengine hajaonja hata tone. Pengine ni mgonjwa wa kisukari ambaye sukari ya damu yake imeshuka mno, kwa kuwa alitumia dawa yake asubuhi kisha akaacha posho kwa ushauri wa jirani. Hapo ndipo sufuria ya nyumbani na kazi ya polisi zinapokutana.

Jirani huyo hakukosea kabisa. Wanga ukishameng'enywa tumboni hugeuka sukari na kuingia katika damu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina zaidi ya gramu 70 za wanga. Wengi wetu huamini kwamba kalo ya wimbi haina neno kwa mgonjwa. Lakini unga wa wimbi nao una wanga wa kiasi kinachokaribia hicho. Unazidi mahindi yaliyokobolewa kwa nyuzinyuzi, na hiyo ni faida, lakini si ruhusa ya kula bila kipimo.

Je, mgonjwa aagane na vyakula vya mama yake? Hapana. Itazameni luwombo, chakula cha heshima cha Buganda: nyama, kuku au mchuzi wa karanga uliofungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Ndani ya jani lile mna wanga kidogo. Mzigo uko kando yake, katika kilima cha matoke. Basi luwombo ibaki kama ilivyo, na kilima kipunguzwe kiwe kiasi cha ngumi ya mlaji. Nusu ya sahani ijazwe nakati, dodo, kabichi au nyanya chungu.

Katogo ya asubuhi nayo yatengenezeka. Aliyezoea kutia ndizi tano atie mbili, aongeze utumbo, bilinganya na mboga za majani. Anayependa rolex aagize mayai yenye kabichi, kitunguu na nyanya, kisha ale nusu ya chapati. Chai inyweke bila sukari, tangawizi ikitia ladha.

Ninyi wa mipakani mna bahati ya kuazimana mapishi. Wa Busia wana dagaa na sukuma wiki. Waongeze hivyo na kupunguza ugali. Wa Mpondwe wanapika sombe kama jirani zao wa Kongo. Majani ya muhogo yakitwangwa na kuchemshwa barabara hayana wanga mwingi kama mzizi wake. Basi sombe ijae sahani, na bugali ya muhogo iwe kidogo. Hakuna haja ya kutafuta vyakula vya bei ghali kutoka ng'ambo.

Wala mgonjwa asipikiwe chungu chake peke yake. Mzee anayetengewa sahani ya majani huku wajukuu wakila karamu hujiona amefukuzwa mezani, na baadaye atakula kwa siri. Chungu kiwe kimoja. Kinachotofautiana ni kipimo cha kila sahani. Mchuzi ulio bora kwa mgonjwa ni bora kwa watoto pia.

Sasa nisikilizeni vyema. Kipimo cha dawa hupangwa kulingana na chakula. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, akipunguza wanga ghafla bila kumwarifu daktari, sukari yake yaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha. Aende kwanza kliniki, aeleze anachokula na anachotaka kupunguza, ili dawa irekebishwe. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Na mwenye maradhi ya figo aulize kuhusu nyama na maharage kabla ya kuviongeza.

Dalili za kushuka kwa sukari ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa na maneno kukokoteka. Mtu akiwa na fahamu na aweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, rudieni. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Kwa wasafiri, bebeni dawa katika kifungashio chake pamoja na karatasi ya daktari, na mtie mfukoni kitu kitamu. Mkisimamishwa, semeni mapema: "Afande, nina kisukari." Nasi askari tunapaswa kuuliza kabla ya kuhukumu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Jioni ya leo, kila mmoja wenu aulize nyumbani kwake ni nani anayetumia dawa za kisukari, na amekula nini tangu asubuhi.