FAIDA YA KUSOMA KIJERUMANI KATIKA VYUO VIKUU VYA UJERUMANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati ilitutaka tuseme machache juu ya vijana wanaotamani kwenda Ujerumani kusoma lugha ya Kijerumani pamoja na mila za wenyewe. Twajua kuwa wengi wakisikia habari hii huuliza, "Kuna faida gani? Kijana na asome utabibu, au sheria, au uhandisi. Lugha ya Wadachi itamlisha nani?" Swali hili ni la haki, maana fedha ya mzazi haichezewi. Basi tutalijibu kwa kadiri tuwezavyo.

Kwanza, yafaa tukumbuke kuwa wao walitangulia kutusoma sisi. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin, katika Chuo Kikuu, idara ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo kwa watu waliokusudia kuja huku. Baadhi ya waalimu walitoka kwetu. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko tangu 1891 hata 1895. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika mwaka 1900 kufundisha. Na habari za desturi za Waswahili, ambazo yeye aliandika sehemu kubwa, zilipigwa chapa mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Tazameni basi: wao walipata kitabu kizima cha desturi zetu, na sisi tukabaki na maneno machache kama "shule" na "hela". Mizani hii haijalingana hata leo.

Pili, sisi ni makarani, nasi twajua nguvu ya jalada. Mwenye kulisoma jalada ndiye mwenye neno la mwisho. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam, yamo majalada mengi ya serikali ya Kijerumani, na mengine yamo katika hifadhi ya taifa la Ujerumani mjini Berlin. Humo mna habari za ardhi, kodi, kazi za shamba, hukumu na vita. Tena mengi yameandikwa kwa mkono wa kizamani uitwao Kurrent, ambao herufi yake ya "e" yafanana sana na "n" yetu. Mwandiko wa namna hiyo uliondolewa mashuleni kwao mwaka 1941, hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma pasipo kufundishwa. Kijana wetu akiingia chuo kikuu huko, anaweza kuutafutia mafunzo.

Natuchukue mfano mmoja wa neno. Amri ya Kaisari ya mwaka 1895 ilihesabu ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kuwa "herrenlos", na kwa hiyo mali ya taji, isipokuwa pale palipokuwa na haki za wenyewe. Mwenye kamusi ataona ya kuwa "Herr" ni bwana na "los" ni pasipo; basi ni ardhi isiyo na bwana. Lakini aliyesoma lugha pamoja na sheria na mawazo ya watu wale atauliza zaidi: Je, konde lililolazwa ili lipate nguvu lilikuwa halina bwana? Na malisho yaliyoachwa kwa msimu? Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kujua maneno na kujua lugha.

Kadhalika katika habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907. Mtu ambaye barua moja humwita mwasi, wajukuu wake humwita shujaa. Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, na jamaa zake wangali wakitafuta fuvu lake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Lakini hata baada ya msamaha, kutafuta mifupa ya wazee wetu ni kazi ya kupekua madaftari ya Kijerumani. Je, tungoje daima tusomewe na wengine barua zinazohusu makaburi yetu?

Sasa tuseme juu ya masomo yenyewe, ili mzazi ajue anampeleka mwanawe wapi. Somo hili huko huitwa Germanistik, na kwa kawaida lina matawi matatu: elimu ya lugha, maandiko ya kale ya zama za kati, na maandiko ya tangu zama hizo hata leo. Lugha ni ngumu, lakini mwenye Kiswahili asiogope. Kijiko kwao ni cha kiume, uma ni wa kike, na kisu hakina jinsia. Nasi tuliozoea kusema "kisu changu kimepotea" na "uma wangu umepotea" twajua tayari ya kuwa jina huamuru maneno yanayolifuata. Subira ndiyo kubwa. Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walianza kazi ya kamusi yao mwaka 1838. Wao walikufa ikiwa imefika herufi za mwanzo tu, na kazi ikamalizwa na wengine mwaka 1961.

Na mila si kuzisifu tu. Mwanafunzi atasoma Goethe na Schiller. Naye asome pia ya kuwa tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wa vyuo vikuu wenyewe walichoma vitabu hadharani mjini Berlin. Elimu pasipo moyo mwema haimwokoi mtu.

Juu ya gharama, vyuo vikuu vingi vya serikali huko havitozi ada ya masomo, ila mchango mdogo wa kila muhula; jimbo la Baden-Württemberg, tangu 2017, huwatoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini mwanafunzi hupaswa kuonyesha fedha ya kumtunza, na kupita mtihani wa lugha kabla ya kuandikishwa. Iko pia idara ya misaada ya masomo iitwayo DAAD, iliyoanza mwaka 1925. Mwenye nia aanze Kijerumani hapa hapa nyumbani, katika Goethe-Institut, Dar es Salaam au Nairobi. Asingoje baridi ya Ulaya imfundishe.

Wenzetu, hatusemi vijana wote waende. Matabibu na wahandisi twawahitaji sana. Twasema tu kwamba wachache waende, wenye bidii na wenye Kiswahili safi, nao wanaporudi wasiweke elimu yao sandukuni, bali watusomee majalada yale na kuyafasiri kwa lugha ambayo mzee wa kijijini ataielewa. Tukifanya hivyo, habari zetu zitakuwa zimerudi mikononi mwa wenyewe.