Usukani wa Boti ya Injini Mbili: Kutoka Waya hadi Mafuta



Boti hufungwa injini mbili ili moja ikizimika, nyingine iwafikishe abiria pwani. Hata hivyo, injini zote mbili huutii usukani mmoja. Ukikwama, mama mjamzito anayevushwa usiku hukosa usalama aliotarajia.

Boti nyingi za zamani huongozwa kwa waya mnene upitao ndani ya ala. Maji ya chumvi hupenya, grisi hukauka, kutu hushika, na usukani huwa mzito. Uzito huo ni onyo. Waya ulioshika kutu haufai kutengenezwa, hubadilishwa.

Mfumo wa haidroliki huondoa waya huo. Usukani huzungusha pampu, nayo husukuma mafuta katika mipira hadi kwenye silinda iliyo nyuma, igeuzayo injini. Chuma kinachounganisha injini huzigeuza pamoja. Kikifunguka, injini moja hubaki bila kuongozwa.

Baada ya kufungwa, hewa yote sharti itolewe, kwani hewa hubonyea na mafuta hayabonyei. Kisha usukani huzungushwa kulia na kushoto hadi mwisho, na kila kiungo hukaguliwa kisivuje.

Abiria anayo haki ya kumwuliza nahodha, kabla ya kung'oa nanga, ni lini usukani ulikaguliwa.