Mwanajeshi Akishika Wizara



Nimetakiwa nizungumze juu ya mwanajeshi anayetoka kambini na kupewa wizara. Jambo hili si geni hapa Unguja. Tangu Januari 1964 mpaka Baraza la Wawakilishi lilipoanza mwaka 1980, Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria na kuzitekeleza, na wajumbe wake kadhaa walikuwa maofisa wa jeshi.

Mmoja wao, Brigedia Ramadhan Haji Faki, aliteuliwa mwaka 1983 kuwa Waziri Kiongozi wa kwanza wa Zanzibar. Januari 1984, katika siku za mashaka makubwa, Rais Aboud Jumbe alijiuzulu mbele ya kikao cha Chama huko Dodoma. Brigedia naye akaondoka, na Februari nafasi yake ikashikwa na raia, Seif Sharif Hamad. Haikulia hata risasi moja. Mwaka huo huo Zanzibar ikapata Katiba mpya.

Tutazame sasa Uganda, ambako jeshi lilitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Jenerali Mustafa Adrisi alipanda hadi kuwa Makamu wa Rais mwaka 1977. Aprili 1978 aliumia vibaya katika ajali ya gari, akapelekwa Cairo kutibiwa. Akiwa bado mgonjwa, Idi Amin akamvua wizara zake. Hapakuwa na chama wala bunge la kuuliza sababu. Manung'uniko yakahamia makambini, askari wakaasi, na Oktoba majeshi ya Amin yakavamia Kagera. Wachambuzi wengi wanaona kuwa vita vile vilikusudiwa kuficha ufa wa nyumbani. Walioulipia ni wakulima wa Kagera.

Ndugu zangu, cheo kinachotolewa kwa neno la mtu mmoja hutwaliwa kwa neno hilo hilo. Wala sisi tusijisifu kupita kiasi: kwa miaka 16 Unguja na Pemba hazikuwa na chombo cha wawakilishi, na pengo hilo lilizibwa kwa sheria, hatua kwa hatua.

Kuilinda sheria hiyo ni kazi yetu. Mtumishi adai amri ya mkubwa iandikwe na kutiwa saini, awe mkubwa huyo amevaa kanzu au magwanda. Mwalimu naye aisomeshe Katiba skulini, ili kijana ajue kwamba afisi ya umma haina mrithi, ina zamu.